Achia, Otylia

Saa nne usiku. Tramu ya mwisho imepita,
imetikisa vikombe kabatini kama kawaida yake,
na mimi sijavaa buti.

Miaka kumi na miwili, saa kama hizi
ningekuwa nimeshafika kilabuni kwa Rozalia,
mkono kwapani mwa ndugu yangu,
namwinua kama gunia la makaa lililolowa:
Alojz, twende nyumbani. Alojz, mguu huu kwanza.
Nimelipa madeni yake kwa pensheni ya marehemu mume wangu.
Nimemdanganya daktari. Nimemdanganya mnyapara wa mgodi
mpaka mgodi wenyewe ukafungwa, pakakosekana wa kudanganywa.
Nikaanza kumdanganya padri.

Jumamosi, kitubioni, Padri Wincenty,
ambaye hajui kupamba maneno, aliniuliza:
"Otylia, nani alikufa msalabani kwa ajili ya Alojz?"
Nikasema, Bwana Yesu.
"Basi shuka," akasema. "Pale juu hapana nafasi ya wawili."

Nilikasirika. Nilirudi njia nzima nikiikanyaga theluji
kana kwamba ndiyo iliyonena.
Mtu hajalea hata paka, atanifundisha nini mimi?
Mama alinishika kifundo cha mkono akikata roho:
usimwachie.
Neno moja tu. Usimwachie.

Leo nikimenya viazi
lilinijia lile bwawa la nyuma ya mgodi.
Nilikuwa na miaka tisa, yeye sita.
Barafu ililia kama kioo,
maji yakamfika shingoni,
nami nikalala kifudifudi nikaidaka skafu yake,
nyekundu, ya sufu, aliyoifuma bibi.
Nilishika kwa nguvu zote alizonijalia Mungu.
Mjomba Wilhelm akaja akitambaa juu ya ngazi,
akampitisha mikono kwapani, akapiga ukelele:
"Achia, Otylia! Nimemshika! Achia!"
Sikuachia.
Vidole vilikuwa vimeganda, au moyo ndio ulioganda.
Ikabidi wanifungue kimoja kimoja.
Alojz alitoka majini na alama nyekundu shingoni,
na alama ile, niliambiwa baadaye sana,
haikuwa ya barafu.

Kisu kilinikaa mkononi.
Kiazi kikaanza kuwa cheusi.

Yule baba wa mwana mpotevu,
nasikia habari zake tangu utoto,
sikuwahi kujiuliza alikuwa wapi njaa ilipoingia.
Hakwenda zizini kuwapokonya nguruwe maganda.
Hakutuma mtumishi na mkate kwa siri.
Alikaa nyumbani, macho barabarani,
na kukaa kule, ee Mungu, kumbe ni kazi
nzito kuliko kwenda.

Sijui kusali vizuri. Nimesema hivi:
Bwana, mimi mwisho wangu ni hapa,
kwenye kizingiti hiki, kwa magoti haya mawili, mabovu yote.
Mama alisema nisimwachie.
Hakusema nisikuachie Wewe.
Mshike. Nami kama umemshika
sitajua mpaka asubuhi.

Nje ni nyuzi nane chini ya sifuri.
Rozalia ana benchi karibu na jiko.
Rozalia ana hasira pia.
Supu nimeifunika. Mlango sikuutia komeo.
Buti zangu nimezigeuza zitazame ukuta,
kisha nikazikuta zinautazama mlango,
na nyumbani humu ni mimi peke yangu.

Nimekaa. Viganja juu ya mapaja, wazi.
Vinauma,
kama viumavyo vidole vya mtoto
vilivyotolewa barafuni
vikianza kupata joto.