Bundi Hauziki

Mshahara wa miezi mitatu wa baba yangu
ulilipwa kwa kopo la biskuti.
Mgiriki wa Ngomeni aliuza mkonge wake kwa hasara,
akafunga masanduku, akafungua kopo, akasema:
"Mhina, hizi ni kongwe kuliko deni langu."
Vipande tisa vya fedha, vinene kama kashata,
hata kimoja hakikuwa duara kamili.

Mama alilitikisa karibu na sikio.
"Duka gani litanipa unga kwa hizi?"
Likakaa uvunguni miaka ishirini na sita.

Nikalirithi mimi, pamoja na koleo la mjomba
na kibanda chake Barabara ya Kumi na Mbili.
Nikavisugua kwa ndimu, kimoja kimoja
(sasa najua ni kosa: weusi ule ndio uliokuwa umri wao).
Akatokea kasa, mgongo kama wa wale wa Kigombe.
Akatokea pweza. Likatokea suke la shayiri,
na mwanamke aliyezungukwa na pomboo
wala hana habari nao.
Akatokea bundi, macho kanikodolea,
nikamfunika kwa upindo wa kanga.

Cha kumi nilikikuta Chumbageni kwa fundi Sempombe,
ndani ya mkebe wa vifungo.
Akataka bei ya kifungo. Nikampa bei ya mbuzi,
nikalala usingizi wangu.

Mfupa wa ngisi nauokota Raskazone maji yakitoka.
Naupasua, nausawazisha kwa kuusugua sakafuni,
nakibana kipande cha kale katikati, polepole,
kama mtu anayemfumba marehemu macho.
Kikitoka, kinaacha uso wake.
Kwenye kalibu natia rupia ya Mjerumani iliyotobolewa,
kikuku cha bibi kilichokatika,
nusu reale isiyokumbukwa nusu yake ilikwenda wapi.
Fedha ikiiva hutetemeka.
Namimina. Harufu ya ngisi aliyeungua inajaa kibandani
na paka wa mtaa mzima wanakuja kuuliza.

Nyuma ya kila kidani nagonga herufi M na mwaka,
asije mjanja akaniuza mimi kwa jina la Mgiriki wa kale.
Mfano ni mfano. Umri siuzi.

Kasa anauzika.
Pweza wanamnunua wanaume, wakichekea pembeni,
wakawavishe wake zao.
Bundi hauziki.
"Wewe Mwanamvua, nimtundike huyo shingoni, nizike nani?"
Nikasema huko kwao alikuwa ndege wa akili.
"Basi na akae huko kwao."
Nikamlaza chini ya kitambaa: hereni mbili, macho manne,
mwezi wa Ramadhani ukaja ukapita.

Saa moja asubuhi akaingia Semeni Kihiyo,
muuguzi, katoka zamu Bombo,
viatu mkononi, nyayo zimevimba.
Akalifunua lile nisilomwonyesha.
"Nani huyu?"
Nikamwambia, kwa sauti ya kuomba radhi.
Akazitia masikioni bila hata kuomba kioo.
"Dada, usiku kucha mimi napita vitandani na macho kama haya.
Mgonjwa akishtuka akaniona, anadhani nimemletea habari.
Mara nyingi nimemletea maji tu."
Hakuomba punguzo. Nikapunguza.

Alipotoka, jua lilikuwa limeshafika kwenye bati la jirani,
bundi wawili wakaenda nalo hadi kona ya muuza mihogo,
na mama mmoja akatema mate pembeni,
halafu akageuka kumtazama tena.

Baba aliacha daftari. Ukurasa wa mwisho una jina la Mgiriki
na miezi mitatu, kwa kalamu ya risasi.
Kasa na pweza wameshalipa miezi miwili na wiki moja.
Jioni ile nikaandika chini yake:
bundi, siku nne.