Pikseli Mia kwa Mia

Theluji imeziba dirisha hadi kwenye kitasa.
Saa tisa alasiri, na hapa Oulu giza limeshaingia.
Navua koti lenye vumbi la meno ya bandia
(siku nzima nimechonga magego ya watu nisiowajua),
nawasha skana, nayo inakoroma, inasafisha koo
kama shangazi aliyeamshwa katikati ya mahubiri.

Kitabu ni cha katuni, cha marka tatu enzi hizo,
kurasa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa.
Dereva wa tramu anaruka juu ya mapaa,
mwanamke mnene, kofia imekaa upande.
Aune na mimi tulikigombania
mpaka jalada likachanika, kila mtu na nusu yake.
Nusu yake ina kichwa.
Yangu ina viatu na bei.

Nakata. Mraba tu, mia kwa mia,
mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba.
Ukurasa mzima wa zogo, moshi, mji unaoungua,
nami nataka jicho moja na ukingo wa kofia.

Nikisogea karibu mno uso unavunjika, unakuwa nukta,
nyekundu, buluu, kama punje zilizopembuliwa;
nikirudi nyuma, anapumua tena.
Nazidisha manjano. Napunguza. Nazidisha.
Naweka tabaka la vumbi la nyota, nalifuta: makeke tu.
Nazungushia nakshi, ua moja kila pembe.
Ua la tatu limepinda. Liache.

Aune yuko Turku, hapigi simu
tangu mazishi, tangu yale maneno juu ya nyumba.
Lakini kila ninachomtumia anakivaa:
kile kijisanduku kando ya jina lake
hubadilika usiku, bila ahsante, bila salamu.
Dereva akifumba macho, najua dada hakulala.
Dereva akitafuna mkate wa shayiri, najua amekula.
Akirudisha ile picha ya kijivu ya Novemba
naiacha taa yangu ikiwaka, ingawa haioni.

Jana nilitaka picha ya ukurasa wa kumi na tisa:
amesimama mlangoni mwa tramu, ameinua mkono,
ila kiputo cha maneno kimemkalia begani,
sentensi ndefu juu ya haki na ushindi.
Nikachukua kifutio. Haki ikaondoka. Ushindi ukaondoka.
Chini yake, weupe.

Nilidhani bega lipo. Miaka thelathini
nilidhani bega lipo nyuma ya maneno.
Kumbe mchoraji hakulichora kamwe;
nani ahangaike na kitakachofunikwa?
Mwanamke wa watu ameruka miji yote hiyo
na bega ambalo hakuwa nalo.

Basi nikalichora mimi. Kipanya kinakwama,
mkono wangu umezoea nta na plasta.
Mstari wa kwanza ukawa mlima. Wa pili, mkate.
Wa kumi na moja ukashuka, ukainama kidogo kushoto,
nikauonea huruma, nikaupaka buluu ya sare,
nikahifadhi, nikatuma saa nane usiku.

Asubuhi Aune alikuwa amekivaa.
Na chini yake, mara ya kwanza tangu Machi,
maneno, yasiyo na kiputo:

Bega hilo ni la mama.

Nimelikuza hadi pikseli zimekuwa matofali.
Silioni. Naona buluu, buluu, buluu iliyofifia.
Nimerudi nyuma hatua tatu, hadi kwenye jiko,
kijiko mkononi, kahawa inachemka na kumwagika,
na kutoka hapa, katika udogo ule,
naiona hata ndoo
iliyomvuta upande mmoja maisha yake yote,
ndoo ambayo sikuichora.