Kijani cha Saa Nane

Łódź, theluji chafu kando ya reli.
Bogumiła anafungua kabati la taa:
vumbi, buibui aliyekauka,
na saa inayochelewa dakika sita
tangu umeme ulipokatika Novemba.

Madereva wanapiga honi. Wana haki.
Nyekundu imewashika sekunde tisini
na hakuna anayevuka.

Anasoma mpangilio wa zamani, wino umefifia:
*saa nane mchana, kijani kirefu kwa waendao kwa miguu,
zamu ya asubuhi inatoka.*

Inatoka wapi?
Kiwanda cha nyuzi kilifungwa yeye akiwa shuleni.
Siku hizi humo wanauza viatu na aiskrimu.

Kumbe taa ilikuwa ikiwangoja wanawake wale,
kila siku, kwa adabu,
pamba kwenye nywele zao,
mama yake miongoni mwao na kikapu cha viazi,
akiburuta mguu wa kushoto.

Anairudisha saa kwenye majira.
Anabadilisha balbu ya njano.
Tisini anazifanya hamsini;
fomu ya manispaa inataka thelathini na tano.

Anafunga kabati, anapangusa mikono,
anabonyeza kitufe,
na kuvuka polepole,
mpaka ya mwisho.