Kilango

Taa ikizimwa, mke wangu hulia kama saa ya ukutani.
Si machozi. Ni kilango cha chuma
alichotiwa moyoni akiwa na miaka kumi na mitatu,
baada ya koo kumuuma msimu mzima wa theluji
na watu kusema, aa, mafua tu hayo, mpeni asali.
Tik: kimefunga.
Kimya kidogo: kimefunguka.
Mwaka wa kwanza wa ndoa sikupata usingizi.
Siku hizi nikilala kwa kaka yangu Zugdidi
kimya ndicho kinachoniamsha.

Leo tuko Kutaisi, ghorofa ya tatu, meza moja:
Tsiala, daktari wa moyo, miwani yake ina kamba;
mkunga Eteri, viganja vipana vimetulia juu ya faili;
bwana wa ganzi; mtu wa damu, aliyechelewa;
na Mzekala wangu, wiki ya thelathini na moja,
anatafuna zabibu kavu kutoka mfukoni
kana kwamba tunapanga harusi ya jirani.

Wanapanga.
Vidonge viliachwa zamani. Sindano asubuhi, sindano jioni,
tumbo lake limekuwa ramani ya zambarau.
Wiki ya thelathini na sita ahamie mjini,
maana mlima wetu ukifunga njia
hauulizi nani ameshikwa na uchungu.
Sindano ya mwisho saa ngapi, ganzi saa ngapi,
alale ubavu wa kushoto,
asisukume mpaka macho yamtoke, mtoto asaidiwe kutoka.
Damu ikiwa nzito, kilango kinakwama.
Ikiwa nyepesi, haikomi.
Kati ya hayo mawili pana uzi,
na juu ya uzi huo watapita watu wangu wote wawili.

"Na ikitokea kwamba..." anaanza daktari.
Mimi natazama dirisha.
"Malizia," anasema Mzekala. "Hata kondoo
huhesabiwa kabla ya kuvuka mto."
Daktari anamalizia. Sentensi ile sitaiandika hapa.
Natia sahihi, na jina langu linatoka limepinda
kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Kuna swali?
"Moja. Akitoka, mwekeni hapa." Anajigonga kifua.
"Upande huu. Miezi yote amelala na mlio huu.
Asije akadhani amepotea."

Eteri anatafuta nafasi kwenye fomu. Haipo.
Anageuza karatasi, anaandika nyuma kwa penseli,
anapiga mstari chini, anapiga tena.
Bwana wa ganzi anaomba zabibu.

Kujifungua.
Nalirudia neno hilo nikipandisha gari milimani.
Barabara ifunguke. Kilango kifunguke,
kifunge, kifunguke.
Yeye amesinzia kando yangu, mkanda umepita chini ya tumbo.
Redio nimeizima.
Nahesabu, sijui nahesabu nini,
na theluji ya kwanza inagusa kioo, inayeyuka.