Nikune Kidole

Jiwe lile waliliita Bibi.
Watoto wa Igogo walilitelezea kwa makalio mpaka likang'aa,
mama zao walianika juu yake dagaa na nepi,
na bwana mmoja aliliandika kwa rangi ya bluu
ENEO HILI HALIUZWI.

Usiku wa tatu wa mvua likashuka.
Halikunguruma kama walivyosema redioni.
Lilipumua tu, anasema Lushinge,
kama ng'ombe anayejilaza.
Akaamka, mguu uko chini yake,
na mvua inaendelea na shughuli zake.

Tuliwapokea kumi na mmoja kabla ya adhana.
Dokta alikata saba.
Mimi nilishika tochi; umeme ulikuwa umeondoka na nguzo.
Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba mguu ni mzito.
Mguu peke yake, bila mtu,
una uzito wa mtoto aliyesinzia mgongoni.
Niliubeba ndani ya shuka la kijani,
nikapita korido nzima nikisema samahani, samahani,
sijui nikimwomba nani.

Mchana wageni huja na uji kwenye chupa ya chai.
Husimama mwisho wa kitanda, pale shuka linapolala bapa,
hukohoa, husema: hujafa hujaumbika.
Bi Nshoma, muuza dagaa wa Kirumba, huwajibu:
"Mimi niliumbika zamani. Huku ni kupunguziwa."
Wanacheka. Hugeukia ukutani.
Nami najifanya nahesabu matone ya dripu.

Mkwewe alimletea viatu,
vyote viwili, vimefungwa kamba pamoja.
Kabatini sasa kuna viatu sita vya kushoto,
kila kimoja na kabila lake.
Sista Leokadia ameagiza vitupwe.
Jana nilimkuta amechuchumaa mbele ya kabati,
anakipangusa kimoja kwa ncha ya aproni.

Saa nane usiku Lushinge huita.
Hapazi sauti. Hugonga chuma cha kitanda kwa pete.
Nesi. Nikune.
Wapi?
Kidole gumba. Cha mguu ule.

Chuoni tuliandika daftarini:
mweleze mgonjwa ukweli, kwa upole.
Nimemweleza ukweli siku tisa.
Ukweli hauwashi. Kidole kinawasha.

Nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.
Nikainama, nikakuna shuka
pale ambapo kidole kingekuwa.
"Juu kidogo."
Nikasogeza mkono.
"Hapo. Hapo hapo. Wabeja."
Akashusha pumzi, akalala,
na mimi nikabaki nimeinama, kucha kwenye pamba,
naogopa kuacha mapema.

Asubuhi nampa zamu mwenzangu. Nasoma faili:
joto, mapigo, bandeji imebadilishwa.
Lile la kidole siliandiki.

Kisha napanda vingazi vya Mabatini hadi kwangu.
Nyuma ya chumba kuna jiwe.
Miaka minne nimelianikia sare zangu nyeupe,
likinirudishia zimekauka, zina joto.
Leo nimepima kwa kiganja nafasi iliyopo kati yake na ukuta:
shibiri nne. Nilidhani ni tano.

Nikahamisha kitanda.
Chumba ni kidogo; kila nilivyokigeuza
miguu ilielekea kule.
Nikalala nimeikunja.