Bila Plastiki

Picha ya Nyiragasigwa iliingia Mgahinga bila tiketi,
uso wa mita tatu, umeviringishwa kama mkeka
begani mwangu na mwa Kwikiriza mwenye kamera,
na ndoo ya gundi ya muhogo.

Yeye alibaki langoni.
Kibali kilisema picha; hakikusema mtu.

Alituita mara moja tu: "Msiifunike plastiki.
Huko nilikozaliwa hatukufunika kitu
ila moto, usiku, kwa majivu."
Kwikiriza akasema mvua itaila.
"Ndiyo," akasema bibi. "Iile."

Tukaibandika kwenye fremu ya mianzi, kando ya njia ya watalii.

Masika yalipokwisha nilirudi peke yangu.
Sikio limedondoka. Konokono juu ya paji.
Kidevu kimekuwa uji, kimeota kuvu,
hujui tena ipi karatasi, upi udongo.

Nikateremka hadi Kisoro, kwenye shamba la viazi la watu
anakolima kibarua, nikamweleza.
Alisikiliza akipangusa jembe.

"Kidevu kimefika. Vizuri.
Lakini mlinikata hapa,"
akagusa kifua.
"Miguu itafikaje?"