Mkono Uliolambwa

Kopo la kwanza lilitoka Kitete, wodi ya watoto,
wino umevuja kwenye lebo:
Mwashi, miaka minne, homa siku ya sita.
La pili nililijaza mwenyewe huko Usoke,
nimepiga magoti zizini, glavu moja imechanika,
ndama Madoa akinikodolea macho
kama mkwe anayehesabu sahani.

Mihambo, baba yake mtoto, alicheka:
"Miaka yote hiyo ya shule, binti Kashindye,
uje kuchota mavi?"
Ndiyo, nikamwambia. Ndiyo kazi.

Kwetu, posa haipokelewi kabla watu hawajaulizana:
ukoo gani, babu kazikwa wapi,
wale wa Sikonge ni wenu au mmefanana jina tu?
Nami nawauliza hivyo hivyo vijidudu hivi:
ninyi ni wa nani?

Usiku mashine inasoma. Umeme ukikatika
jenereta inakohoa, mlinzi anashtuka.
Asubuhi herufi zimemwagika, ni nne tu,
lakini zimerudiwarudiwa hadi karibu milioni tano.
Nalaza ya mtoto juu ya ya ndama,
pindo kwa pindo, kama kanga zinavyopimwa.

Tofauti, herufi tatu.
Tatu!
Hii ni doti moja, imekatwa jana.

Nilishaandika ripoti kichwani:
ndama kamwambukiza mtoto. Nukta.
Kisha likaja kopo la tatu, la Bibi Nyamizi,
haumwi kitu, analima, anacheka kwa sauti,
na mdudu wake amekaa chini ya wote kwenye ule mti wa ukoo,
karibu na shina.

Nikakumbuka. Mama yake Madoa alikufa masika,
na bibi akamlea kwa uji wa maziwa,
akimnyonyesha vidole.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Wa bibi haukuwa mtupu.

Mti hauapi. Makopo matatu si kijiji kizima;
labda kuna wa nne, mtoni, nisiyempima.
Lakini nitamwambiaje
kwamba wema wake una herufi, na nimezisoma?

Jumamosi nimerudi Usoke na sabuni, vipande sita.
Bibi ananiletea maziwa kwenye kikombe cha bati,
amekishika kwa mikono miwili, kwa heshima.
Nakitazama. Hakitoi mvuke.
"Bibi," nasema, "tuwashe moto kwanza,
nina habari ndefu."